Kwa Nini Gari Hula Oili

Nilipoombwa na kamati ya gazeti letu niandike makala ya sayansi, sikuwa na jambo kubwa la kueleza ila hili lililotupata nyumbani katika likizo ya Desemba, nalo ni habari ya gari la baba lililokuwa likila oili. Naliandika kwa kuwa nyumba nyingi za wenzetu zina pikapu au basi dogo lililokwisha tembea miaka mingi, na kwa kuwa sisi tulikosea kwanza kabla ya kupatia, na kosa lenyewe lilitugharimu ng'ombe.

Kwetu ni Lushoto. Baba hununua kabichi, karoti na viazi kwa wakulima, kisha huvipeleka Mombo, safari ya kilomita 33 hivi, na barabara yateremka kupitia Soni kona baada ya kona, karibu mita 1,000 kwenda chini. Gari lake ni pikapu ya petroli yenye silinda 4, na umri wake wanizidi mimi. Nauli yangu ya kuja shuleni, sare zangu na mahitaji yangu ya bweni yatoka katika magunia hayo. Basi mwezi wa Novemba baba aliona kwamba kila wiki hana budi kununua lita moja nzima ya oili. Akamwendea fundi mmoja wa karibu. Fundi huyo hakufungua hata boneti, alisikia tu neno oili, akasema, "Mzee, hizo ni ringi. Injini ishuke." Akataja shilingi 1,300,000. Baba akauza mtamba mmoja ili aanze kukusanya fedha. Nilipofika nyumbani nilikuta kamba ya mtamba yule imening'inia bandani, na fedha bado hazijatimia hata nusu.

Kabla ya kuendelea yafaa nieleze oili yakaa wapi ndani ya injini, maana asiyejua njia zake hawezi kujua imepotelea wapi. Oili hulala chini kabisa, katika sampu. Pampu huivuta na kuisukuma kila mahali palipo na chuma kinachosuguana na chuma. Mahali ambapo haitakiwi kabisa ni juu ya pistoni, kwani hapo ndipo petroli na hewa huwaka. Walinzi wa mahali hapo ni wa namna mbili. Wa kwanza ni ringi za pistoni. Kwa kawaida kila pistoni ina ringi tatu: mbili za juu huzuia moto na hewa visishuke, na ile ya chini hukwangua oili katika ukuta wa silinda na kuirudisha sampu. Walinzi wa pili wako juu, kwenye vali. Kila vali ina mti wake mwembamba unaopanda na kushuka ndani ya tundu, na juu ya tundu hilo kuna kofia ndogo ya mpira iitwayo sili. Sili huacha oili kidogo sana ipite ili mti usikauke, nayo huzuia iliyobaki. Mpira wake hupikwa na joto la injini miaka nenda miaka rudi, mwisho huwa mgumu kama ukucha.

Kwa hiyo oili yaweza kuliwa kutoka chini, kwenye ringi, au kutoka juu, kwenye sili za vali. Tofauti ya gharama zake ni kama tofauti ya kubadili bati moja na kujenga nyumba upya. Fundi anayesema "ringi" kabla ya kutazama huenda akapatia, lakini amepatia kwa kubahatisha.

Njia ya tatu ni ndogo, nayo husahauliwa sana. Hata injini nzima hupitisha hewa kidogo kando ya ringi ikaingia sampu, na hewa hiyo hapana budi itoke. Hutolewa kwa bomba la kupumulia, ambalo katika magari mengi hurudi kwenye njia ya hewa ya injini, na katikati yake kuna vali ndogo ya kuongoza upumuaji huo. Vali hiyo ikikwama wazi, injini hunywa ukungu wa oili pamoja na hewa. Ikiziba, msukumo hujaa ndani, na oili hutafuta pa kutokea.

Jirani yetu ni mzee mmoja aliyepata kuwa fundi wa matrekta na malori katika mashamba ya mkonge huko bondeni. Sasa amestaafu, lakini sanduku lake la spana halijastaafu. Nilimwendea jioni moja, nikamwambia gari la baba latoa moshi wa buluu. Akaniuliza, "Rangi umeiona. Sasa niambie, wautoa wakati gani wa safari?" Sikuwa na jibu. Akanituma nirudi nikatazame, na kabla ya kutazama nipime, maana, alisema, huenda gari halili oili bali laimwaga.

Basi nilianza na kupima. Hapo palionekana kosa letu la kwanza. Baba alikuwa na desturi ya kupima oili asubuhi mbele ya nyumba, na nyumba yetu iko mlimani. Pua ya gari huelekea juu. Kijiti cha kupimia kilionyesha pungufu kila siku, naye huongeza kila siku. Nilipolipeleka gari pamoja naye kwenye uwanja wa mpira ulio tambarare, tukazima injini na kungoja dakika kumi ili oili ishuke, kijiti kilionyesha kwamba oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole! Oili ikizidi hivyo, vyuma vizungukavyo chini huipiga ikawa povu, na povu hilo hupanda kwenye bomba la kupumulia likaenda kuchomwa. Kwa maneno mengine, sehemu ya oili ile tulikuwa tunaitia wenyewe ili iungue. Tulipunguza mpaka alama, nikaandika katika daftari kilomita zilizosomeka kwenye mita ya gari.

Usiku ule niliweka boksi kubwa lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi lilikuwa na doa moja dogo kama senti. Nikatazama maji ya rejeta injini ikiwa bado baridi (msifungue rejeta ya moto, itawaunguza uso), nayo hayakuwa na utando wa mafuta. Wala oili ya kijiti haikugeuka rangi ya chai ya maziwa, jambo ambalo lingeonyesha kwamba maji na oili vimekutana. Kwa hiyo oili haikumwagika wala haikuingia majini.

Siku ya nne tulirudi uwanjani. Tulikuwa tumetembea kilomita 412, na ili kufikia alama ilitubidi kuongeza desilita 8, yaani lita 1 kwa kilomita 515. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji wa magari huvumilia hata lita 1 kwa kilomita 1,000, ingawa injini nyingi nzima hutumia kidogo sana kuliko hivyo. Letu lilikuwa limepita mpaka hata wa wavumilivu. Lakini tazameni kwamba sasa tulikuwa na hesabu, na mwanzo tulikuwa na manung'uniko tu.

Sasa moshi. Katika safari zile nne nilikaa nyuma juu ya magunia, nikilitazama bomba la moshi. Dereva hawezi kuona moshi wake vizuri, hasa barabarani penye kona. Baba alikuwa hajapata kuuona hata siku moja ila asubuhi anapowasha. Moshi mweupe tuliupata kila alfajiri, lakini Lushoto ni baridi, na mvuke wa namna hiyo hutoka katika kila gari ukatoweka injini ipatapo joto. Mweupe usiokoma ndio wa kuogopwa, maana huenda ni maji yanayoingia katika silinda. Mweusi ni petroli iliyozidi. Wa oili ni wa buluu, nao huelea chini, una harufu kali kama ya kikaango kilichosahauliwa jikoni.

Niliyoyaona ni haya. Alfajiri gari likiwashwa hutoa wingu moja la buluu likichanganyika na ule mvuke, kisha wingu hukoma baada ya dakika moja au mbili. Kuteremka kwenda Soni hakuna moshi, kwani baba huweka gea ya pili na kuondoa mguu kwenye mafuta ili injini ishike gari. Lakini tukifika Soni, penye watu na ndizi, akakanyaga mafuta tena, wingu kubwa la buluu hutoka nyuma hata wauzaji hufunika vikapu vyao. Mwanamke mmoja alitutukana, na sikumlaumu. Wakati wa kurudi, tumepakia sukari, mchele na mifuko ya saruji, injini ikilia kwa uzito mlimani, nilitazama kilomita zote 33 nisione moshi wa maana.

Niliporudi na habari hiyo, yule mzee alitabasamu, akaniambia nieleze mwenyewe. Nikakumbuka somo letu la Fizikia juu ya msukumo wa hewa. Dereva aondoapo mguu, mlango wa hewa hufungwa karibu wote, lakini magurudumu bado yanazungusha injini kwa nguvu. Pistoni zavuta hewa nazo hazipati. Basi msukumo wa hewa katika bomba la kuingizia hushuka hata chini ya nusu ya ule wa hewa ya nje, na kila upenyo hugeuka mrija. Oili iliyo juu, iliyoloanisha miti ya vali, hufyonzwa kupitia sili zilizochakaa ikakusanyika ndani. Dereva akanyagapo mafuta, yote huungua kwa mara moja. Alfajiri nako ni vivyo hivyo: usiku kucha oili imedondoka taratibu kupitia sili hadi kwenye vali, nayo huungua gari liwashwapo, kisha basi.

Ringi zikichakaa, mambo huwa mengine. Moshi huonekana zaidi injini inapobebeshwa kazi, kwenye mlima na mzigo, tena hautoki kwa vipindi bali hufuatana. Ishara nyingine ni kufungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma polepole, na kukilaza juu ya tundu bila kukikaza. Kikirukaruka na moshi ukipumua kwa mapigo, hewa nyingi yapita kando ya pistoni. Chetu kilitetemeka kidogo tu.

Hapo mimi nilikwisha toa hukumu, lakini mzee akanizuia. Alisema mvuto ule wa mteremkoni waweza kuvuta oili kupitia ringi pia, si vali peke yake, kwa hiyo ushahidi wa moshi hautoshi kumwachia mtu huru. Akatoa geji ya kupima nguvu ya kubana, ya vipimo vya ratili. Tuliipasha injini joto, tukaondoa plagi zote nne, tukachomoa waya za moto na kuzuia petroli, baba akakanyaga mafuta mpaka mwisho na kuzungusha stata, nami nikaandika. Silinda ya kwanza ratili 165 kwa inchi ya mraba, ya pili 160, ya tatu 160, ya nne 165. Tofauti ikiwa ndogo kuliko sehemu moja katika kumi si ya kutisha. Kisha tukatia kijiko kimoja cha oili katika kila tundu la plagi, tukapima tena. Kama ringi ni mbovu, oili ile huziba nyufa kwa muda na namba hupanda sana. Zetu zilipanda ratili 5 tu. Baba alinitazama, akaitazama geji, hakusema neno. Nadhani alikuwa akimfikiria mtamba.

Plagi nazo zilikuwa na habari zake. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ndiyo rangi njema. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi na imelowa oili. Yeyote aondoaye plagi azipange kwa namba zake, asizichanganye katika kopo, maana akizichanganya amefuta maandishi.

Tulianza na kilicho rahisi. Vali ya bomba la kupumulia tuliichomoa tukaitikisa. Iliyo nzima hulia ndani kama njugu, yetu ilikuwa bubu, imeshikana kwa masizi ya miaka mingi, nalo bomba la hewa lilikuwa na oili ndani. Tuliweka mpya ya shilingi 18,000. Tukapima tena wiki nzima kwa daftari: sasa lita 1 ilifika kilomita 700. Moshi wa Soni ulipungua lakini haukukoma.

Ndipo ikaja kazi ya sili, na hapa niwaeleze hila ambayo sikuisoma katika kitabu chochote. Ili kubadili sili huna budi kuondoa springi ya vali, na ukiondoa springi bila kuishika vali, huenda ikaangukia ndani ya silinda, na hapo utalazimika kung'oa kichwa cha injini. Karakana kubwa huingiza hewa ya kompresa katika tundu la plagi, hewa ikaishika vali. Sisi hatuna kompresa. Mzee alichukua kamba safi ya nailoni, akaishusha kupitia tundu la plagi wakati pistoni ikiwa katika safari ya kubana, vali zote mbili zimefungwa, akaacha mwisho wake nje. Kisha akaizungusha injini kwa spana, kwa mkono, polepole, hadi pistoni ikaikandamiza kamba juu na kamba ikazishika vali. Nilikuwa nimemletea kamba ya katani, maana kwetu Tanga katani haikosekani, akaikataa. Hutoa nyuzi, na uzi ukibaki juu ya pistoni umejitafutia kazi nyingine.

Sili zilikuwa 8. Nyingi zilivunjika mikononi kama ganda la yai. Ile ya vali ya kuingizia ya silinda ya tatu haikuwa hata mahali pake. Ilikuwa imechomoka na kujikunja juu, chini ya springi, na mti wa vali ulikuwa ukioga oili bila kizuizi. Kila alipotoa sili mzee aliusukuma mti wa vali huku na huku kwa kidole, kusikia kama tundu lake limepanuka. Kama limepanuka, alisema, sili mpya haitadumu, na kichwa hakina budi kwenda kwa mchongaji. Yetu yalilegea kidogo, si ya kukataliwa.

Sili zote zilikuwa shilingi 32,000, gasketi ya kifuniko cha juu 15,000, na kazi ya mzee, aliyotaka kuikataa fedha yake, 50,000. Ukijumlisha na ile vali ya kupumulia ni shilingi 115,000.

Nisije nikaeleweka vibaya: injini nyingine kweli zataka ringi. Tena geji ya kubana haionyeshi kila kitu, maana hupima zile ringi za juu. Ringi ya chini yaweza kuganda kwa masizi, vijitundu vyake vikaziba, gari likala oili huku namba ni nzuri. Katika dizeli ile ishara ya mteremko haisaidii sana, kwa kuwa nyingi hazina mlango wa hewa unaofungwa kama wa petroli. Huko mtazame pia tabo, ambayo sili zake zikichakaa oili hutoka moja kwa moja kwenye bomba. Na wazazi wanaotaka kununua gari kuukuu wasikubali kuonyeshwa gari lililokwisha pashwa joto. Kuna watu hutia oili nzito kupita kiasi ili moshi ufichike kwa siku chache. Ombeni liwashwe mbele yenu alfajiri, kisha mpite nalo mteremko mrefu mmoja, na mtu mmoja akae akitazama nyuma.

La hatari kuliko moshi ni kusahau kuongeza. Gari linalokula oili halifi kwa sababu ya kula. Hufa siku kijiti kikitoka kikavu nayo injini inoki njiani. Kwa sababu hiyo baba hangoji tena taa nyekundu ya oili, kwani taa hiyo ikiwaka msukumo umekwisha anguka.

Tangu kazi ile tumepima mara tatu. Mara ya mwisho, kabla sijarudi shuleni, lita 1 ilikwenda kilomita 2,600. Yule mzee asema kilichobaki ni uzee wa ringi, na kwamba kwa kiasi hicho zaweza kuachwa. Soni twapita bila kutukanwa. Fedha za mtamba zilizobaki hazikutosha kununua mwingine, maana bei zilikuwa zimepanda, kwa hiyo baba alinunua mbuzi wawili. Daftari la oili limo ndani ya gari, chini ya kiti, na barua aliyonipelekea mwezi huu ilikuwa na kilomita na desilita kabla ya salamu.